Tairi kubwa, spidomita sahihi, kilomita pungufu: uchambuzi wa kisa kimoja

Gari lenyewe ni pikapu ya foo-wili yenye giaboksi ya mkono na difu ya 4.1, yaani propela, shafti inayopeleka mzunguko nyuma, huzunguka mara 4.1 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Lilitoka kiwandani na matairi ya 265/65R17. Odomita, yaani kihesabio cha kilomita, ilipofika 148,200, mwenyewe aliliinua kidogo na kulivisha matairi ya 285/70R17 kwenye rimu zilezile za mwanzo.

Aliporudi gereji hakulalamikia spidi. Alilalamikia mafuta. Zamani gari lilikuwa likinywa lita 11.2 kwa kilomita 100. Baada ya matairi mapya hesabu ikapanda hadi 12.4. Spidomita, kwa maelezo yake, ilikwisha kutengenezwa: kwenye kilomita 152,300 fundi mmoja alifunga kiboksi cha kielektroniki nyuma ya dashibodi, akakirekebisha akiangalia GPS ya simu, na tangu siku hiyo mshale ukisema 100 simu nayo inasema 100. Baada ya kiboksi, ulaji wa mafuta ulishuka hadi 12.1, kisha ukagoma hapo. Sasa alitaka nozeli, zinazopulizia injini mafuta, zikaguliwe.

Ufunguo wa kisa kizima umo katika kule kushuka kwa ulaji baada ya kiboksi. Kiboksi cha spidomita hakigusi hata tone moja la mafuta. Ikiwa kimefungwa na hesabu ya mafuta ikabadilika, basi kilichobadilika ni kilomita zinazogawanya zile lita. Na ikiwa kilomita zilisogea mara moja, kabla ya kugusa nozeli ni lazima tujue kama zilisogea vya kutosha.

Tuanze na tairi. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni asilimia ya upana huo inayofanya kimo cha ubavu, na ya tatu ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Tairi la zamani: 265 mara 0.65 ni milimita 172.25 za ubavu. Ubavu uko juu na chini, kwa hiyo 344.5, ongeza rimu, 17 mara 25.4, yaani 431.8. Jumla ni kipenyo cha milimita 776.3. Tairi jipya: 285 mara 0.70 ni 199.5, mara mbili ni 399, pamoja na rimu ni 830.8. Gawanya la pili kwa la kwanza unapata 1.070. Tairi limekua kwa asilimia 7.

Wengi huishia hapo, na kwa makadirio inatosha. Lakini tairi lililobeba gari si duara kamili. Chini hubonyea, na mwendo wake kwa mzunguko mmoja huwa mfupi kuliko mzingo wa kwenye karatasi, kwa kawaida kwa asilimia 3 hivi. Tena tairi za saizi moja kutoka viwanda viwili tofauti hazilingani milimita kwa milimita. Kwa hiyo gari hili lilipimwa sakafuni.

Upimaji wenyewe ni wa chaki na futi kamba. Upepo hujazwa kwa kiwango cha gari tairi likiwa baridi. Dereva hukaa kwenye kiti chake. Mstari wa chaki hupigwa ubavuni mwa tairi la nyuma, chini kabisa linapogusa sakafu, na mstari mwingine sakafuni papo hapo. Gari husukumwa kwa mkono, gia ikiwa huru, mpaka ule mstari wa ubavuni uwe umerudi chini mara kumi, kisha sakafu hupigwa mstari wa pili. Kwa nini mara kumi? Kwa sababu jicho likikosea sentimita moja kwenye mita 25, kosa hilo ni sehemu ndogo sana ya asilimia moja. Likikosea sentimita hiyohiyo kwenye mzunguko mmoja, umeharibu hesabu. Na gurudumu la nyuma lilichaguliwa kwa kuwa ndilo linaloungana na propela ambayo mwendo wake unasomwa na sensa.

Tairi jipya lilitembea mita 25.28 kwa mizunguko kumi, yaani milimita 2,528 kwa mzunguko. Bahati nzuri spea ilikuwa bado ya saizi ya zamani, haijawahi kutembea. Ilifungwa pale pale nyuma kwa ajili ya kipimo tu, ikatoa mita 23.63, yaani milimita 2,363. Uwiano halisi ni 1.0698. Safari hii karatasi na sakafu vimekubaliana, ingawa si kila mara hukubaliana hivyo.

Sasa twende kwenye mshale. Gari hili lina sensa iliyofungwa kwenye transfa, kasha la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Ndani ya transfa, kwenye shafti inayopeleka propela ya nyuma, kuna gia yenye meno 11. Gia hiyo huzungusha kigia cha plastiki chenye meno 30, na kigia ndicho kinachozungusha sensa. Sensa hutoa mipigo minne ya umeme kwa kila mzunguko. Dashibodi za Kijapani za aina hii hutarajia mizunguko 637 kwa kilomita moja, yaani mipigo 2,548.

Kwa tairi la zamani: kilomita moja ni mizunguko 423.2 ya gurudumu, mara 4.1 ya difu ni mizunguko 1,735 ya propela. Mara 11, gawanya kwa 30, ni 636. Dashibodi ilitaka 637 ikapata 636. Odomita ilikuwa karibu na kweli kabisa. Kwa tairi jipya: mizunguko 395.6 ya gurudumu, 1,622 ya propela, na sensa inazunguka mara 594.7 tu. Gawanya kwa 637 unapata 0.9335. Kila kilomita moja iliyotembewa, odomita ilikuwa inaandika mita 933.

Swali linalobaki ni hili: ikiwa mipigo ilipungua kwa karibu asilimia 7, mbona fundi aliyefunga kiboksi aliongeza asilimia 3 tu, na mshale ukalingana na GPS?

Jibu ni kwamba mshale na odomita hupokea mipigo ileile lakini haviitafsiri kwa namna moja. Spidomita hutengenezwa izidishe kwa makusudi. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na nchi nyingi, inasema spidi inayoonyeshwa isiwe hata kidogo chini ya spidi halisi, na isiizidi kwa zaidi ya moja ya kumi ya spidi halisi pamoja na kilomita 4 kwa saa. Kwa hiyo ukiwa kweli unakwenda 100, mshale unaruhusiwa kuonyesha kuanzia 100 hadi 114, lakini si 99. Mtengenezaji, akijua matairi hutofautiana, huusogeza mshale juu kidogo ili asije akaangukia upande wa chini. Odomita haina haja ya kinga hiyo. Yenyewe huhesabu mipigo na kuigeuza kilomita.

Katika gari hili mshale ulikuwa umezidishwa kwa kama asilimia 4. Enzi za tairi la zamani, mshale ukisema 100 gari lilikuwa kwenye 96. Matairi makubwa yalipoingia, yale mapungufu ya karibu asilimia 7 yalikula kwanza ile asilimia 4 ya kinga, kisha yakavuka upande wa pili. Usomaji wa GPS kabla ya kiboksi, ambao mwenyewe alikuwa ameuhifadhi kwenye simu, ulionyesha hivi: mshale 60, halisi 62, mshale 80, halisi 82, mshale 100, halisi 103. Fundi akaona pengo la 3, akaliziba kwa 3. Mshale ukanyooka, lakini odomita ambayo haikuwahi kuwa na kinga yoyote ilipata asilimia 3 ilhali ilihitaji 7. Ikabaki na upungufu wa karibu 4.

Jaribio la barabarani lilithibitisha. Kiboksi kikiwa kimefungwa, odomita ilitembezwa kilomita 20.0 kwenye barabara iliyonyooka huku programu ya GPS ikirekodi umbali. Programu ilisema kilomita 20.8. Hapo tena hakukuwa na la kubishania.

Basi mafuta nayo yakajieleza. Lita 62 zilizogawanywa kwa kilomita 500 za odomita zilitoa 12.4, lakini kilomita halisi zilikuwa karibu 536, na jibu la kweli ni 11.6. Baada ya kiboksi, lita 60.3 kwa kilomita 500 za odomita zilitoa 12.1, kilomita halisi zilikuwa 520, na jibu la kweli ni 11.6 vilevile. Ulaji haukushuka kwa sababu ya kiboksi, wala haukugoma. Muda wote huo ulikuwa 11.6. Nyongeza ya kweli kutoka 11.2 ni nusu lita kasoro kidogo, na inalingana na tairi zito, pana, kwenye gari lililoinuliwa. Nozeli ziachwe zilipo.

Hapa inafaa kutua kidogo kwenye usalama, kwa sababu zile wiki za kabla ya kiboksi zilikuwa za hatari kuliko mwenyewe alivyojua. Dereva huzoea mshale wake. Aliyezoea kusafiri kwenye 100 ya mshale alikuwa anakwenda 96. Baada ya matairi, kwa 100 ileile, alikuwa anakwenda 103. Nishati ambayo breki inapaswa kuimeza hukua kwa mraba wa spidi, kwa hiyo tofauti hiyo ya asilimia 7 ni zaidi ya asilimia 14 kwenye breki, na gurudumu zito nalo linataka lake. Kauli ya «spidomita zote huzidisha, kwa hiyo tairi kubwa inairekebisha tu» inasikika sana kwenye gereji. Ina ukweli kwa tairi lililokua kwa asilimia 2 au 3. Kwa asilimia 7 si kweli, na mtu akikuambia hivyo mwombe akuonyeshe kipimo.

Kiboksi chenyewe hakikuwa kibovu. Kilikuwa na kasoro mbili za ufungaji. Ya kwanza ni namba, tumeshaiona. Ya pili ni mahali. Waya wa mipigo katika gari hili unatoka kwenye sensa, unapanda hadi ndani, kisha unagawanyika: tawi moja dashibodi, tawi jingine kompyuta ya injini. Kiboksi kilikuwa kwenye tawi la dashibodi peke yake. Mashine ya uchunguzi ilipochomekwa, gari likiwa kwenye 100 ya mshale na 100 ya GPS, kompyuta ya injini ilikuwa inaona 93. Gari moja, spidi mbili. Kwenye injini hii madhara ni madogo, lakini kwenye gari ambalo kompyuta hutumia mipigo hiyo kuamua ubadilishaji wa gia za otomatiki, wepesi wa usukani wa umeme au kikomo cha spidi, mgawanyiko huo utaleta malalamiko ambayo hakuna atakayeyahusisha na matairi. Marekebisho yafanyike kabla waya haujagawanyika.

Mahali pa mwanzo kabisa ni kwenye kigia cha plastiki. Propela sasa inazunguka mara 1,622 kwa kilomita na dashibodi inataka 637. Gia ya ndani ina meno 11. 1,622 mara 11 gawanya kwa 637 ni 28.0. Kigia cha meno 28 badala ya 30. Ni nadra hesabu kuangukia kwenye jino zima namna hii. Mara nyingi unabaki na nusu jino, unachagua lile linalofanya odomita izidishe kidogo badala ya kupunguza. Kumbuka mwelekeo: kigia chenye meno machache huzunguka haraka zaidi, kwa hiyo usomaji hupanda. Kuna waliowahi kununua cha meno 32 kwa kudhani tairi kubwa inataka gia kubwa, wakaongeza kosa badala ya kulipunguza.

Kabla ya kununua, hakikisha kigia kipya kinaingiana na gia ya ndani. Kigia chenye meno machache huwa na kipenyo kidogo, na kikikaa kwenye nyumba ileile, yaani kasha linaloshika sensa na kigia, huenda meno yakagusana kwa ncha tu. Baadhi ya watengenezaji hutoa vigia vya idadi tofauti ya meno kwa kipenyo kilekile cha nje. Wengine huweka tundu la nyumba ya sensa kando kidogo ya katikati, na unaizungusha nyumba hadi alama inayolingana na idadi ya meno. Kwenye gari hili cha 28 kilipatikana cha aina ya kwanza.

Kazi yenyewe haifiki saa moja. Gari kwenye sakafu tambarare, magurudumu yamewekewa vizuizi, beseni chini ya transfa. Safisha kwanza eneo lote linalozunguka sensa kwa brashi na dawa ya kusafishia breki, kwa sababu mchanga ukiingia kwenye tundu lile unaingia kwenye transfa. Chomoa soketi ya umeme. Fungua bolti moja ya kibati kinachoibana nyumba, kisha izungushe nyumba kulia na kushoto huku ukiivuta. Usiitie bisibisi kama mtaimbo, aluminiamu inachubuka na oili itavuja hapo. Oili kidogo itamwagika.

Kigia cha zamani kilipotoka kilisema mengi. Meno yake yalikuwa na mng'aro upande mmoja, na kwenye meno matatu ncha zilikuwa zimeanza kuchongoka kama msumeno. Kingedumu kidogo tu kabla ya kuanza kuruka, na mshale ungeanza kutetemeka kwenye spidi ndogo. Hesabu meno ya zamani kwa mkono wako, ukiweka alama ya rangi kwenye jino la kuanzia. Usitegemee rangi ya plastiki wala maneno ya muuzaji.

Weka oringi mpya ya nje na sili mpya ya shafti, zote mbili, hata kama za zamani zinaonekana nzima. Paka oili ileile ya transfa kwenye meno na kwenye oringi. Ingiza nyumba taratibu huku ukizungusha shafti ya sensa kwa kidole hadi uhisi meno yamekubali, ndipo nyumba ikae chini yenyewe. Ikigoma kwa milimita mbili au tatu za mwisho, usiivute kwa bolti. Itoe, geuza kigia jino moja, jaribu tena. Plastiki iliyobanwa kwa bolti hupasuka siku hiyohiyo. Malizia kwa kujaza oili ya transfa hadi usawa wa tundu la kujazia.

Kiboksi kiliondolewa na waya ukaungwa kwa solda na mrija wa kubana kwa joto, si kwa kusokotwa na kufungwa selotepu. Muunganiko mbovu wa waya huu ndio mara nyingi huletesha mshale unaoruka.

Kama kigia kinachofaa hakipatikani, kiboksi kinabaki kuwa dawa halali, mradi kikae kabla ya mgawanyiko, kipate ethi (waya wa hasi) safi kwenye bodi, kiwe ndani ya kebini mbali na maji, na kiwekewe namba inayotokana na odomita. Kwa gari hili namba ingekuwa 1.07, wala si 1.03. Na kwenye gari za karibuni zisizo na sensa ya transfa, ambazo dashibodi husoma sensa za magurudumu za ABS (mfumo unaozuia magurudumu kukwama wakati wa breki), gia ya kubadilisha haipo. Saizi ya tairi hubadilishwa kwa mashine ya uchunguzi ndani ya kompyuta, na gari nyingine hukataa saizi isiyo kwenye orodha ya mtengenezaji.

Jambo la difu lisisahaulike. Tairi hili limerefusha gia zote kwa asilimia 7, na mwenye gari alishaanza kulalamika kuwa gia ya tano haitaki mlima. Akija kuweka difu ya 4.3, propela itazunguka haraka zaidi kwa tairi lilelile, na kigia cha 28 kitaanza kuzidisha kwa karibu asilimia 5. Hesabu itarudiwa: mizunguko 395.6 mara 4.3 mara 11 gawanya kwa 637 ni 29.4, yaani kigia cha 29. Kwenye gari linalosoma sensa za magurudumu, kubadilisha difu hakugusi spidomita kabisa.

Majaribio baada ya kigia yalifanywa barabara ileile. Odomita 20.0, GPS 20.0. Mshale 60, halisi 58. Mshale 80, halisi 77. Mshale 100, halisi 96. Mwenyewe hakufurahia hili mwanzoni. Alitaka mshale na simu viseme kitu kimoja kama siku za kiboksi. Lakini kinga ya asilimia 4 iliyorudi ni mali yake, wala si kasoro, na mahali pa kuiheshimu ni hapa hasa: tairi hupoteza kipenyo kadiri kashata, yaani vinundu vya mpira vinavyogusa barabara, zinavyolika, milimita 2 kwa kila milimita 1 ya kashata. Kwa tairi hili, kulika kwa milimita 8 ni karibu asilimia 2. Spidomita iliyonyooshwa na GPS juu ya matairi yaliyokwisha nusu itaangukia chini ya spidi halisi siku yatakapofungwa mapya. Iliyowekwa kwa odomita juu ya matairi mapya, kama hii, itazidisha kidogo zaidi kadiri yanavyolika, na itabaki ndani ya kanuni hadi mwisho.

Zilibaki kilomita zilizopotea. Kati ya 148,200 na 152,300 odomita iliandika 4,100. Halisi ni 4,392. Kati ya 152,300 na 154,900, siku ya kigia, iliandika 2,600. Halisi ni 2,704. Jumla ya upungufu ni kilomita 396. Namba ya odomita haikuguswa, na isiguswe; nchi nyingi huhesabu kuichezea kuwa kosa la jinai. Upungufu uliandikwa kwenye kitabu cha huduma pamoja na tarehe, saizi ya tairi na idadi ya meno ya kigia, na oili ya injini iliyopangiwa kubadilishwa kwenye 157,000 ikarudishwa nyuma hadi 156,600.